Boneti Isiyofunguka

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni kile kifuniko cha injini ya motokaa, ambacho madereva hukiita boneti, kinapogoma kufunguka. Pengine mtu atasema, "Kifuniko tu! Je, hili nalo ni jambo la kuzungumzwa mbele za watu?" Twamwomba avumilie kidogo, maana mlango mdogo ukifungwa wakati wa haja huweza kuwazuia watu wazima kumi.

Tufikiri motokaa kuukuu imeondoka katika gati ya Nyamisati alfajiri, yaelekea Bungu ili ishike barabara kuu ya lami, iendayo Kibiti upande wa kusini na Dar es Salaam upande wa kaskazini. Nyuma imepakia kamba na samaki wa delta ndani ya barafu. Mbele, kando ya dereva, ameketi mama mjamzito apelekwaye hospitali. Katikati ya njia mshale wa kipimo cha joto wapanda, na mvuke waanza kutoka puani mwa gari. Dereva asimama, avuta mkono wa boneti, kimya. Avuta tena, mkono waja mzima mzima bila uzito, kama kamba ya ndoo iliyokatika kisimani.

Maji anayo, dumu zima. Rejeta aiona kwa macho yake kupitia matundu ya mbele. Baina yake na rejeta hiyo ni bati moja tu. Barafu yayeyuka, mama augua, jua lapanda. Wapita njia wakusanyika, na kila mmoja ana shauri lake, lakini mwisho mashauri yote yawa shauri moja: "Leteni mtaimbo!"

Basi shabaha ya mazungumzo haya ni kuuweka mtaimbo ule chini. Mtaimbo haufungui komeo; hupinda bati, huvunja matundu ya mbele, na mara nyingine huitoboa rejeta iliyo nyuma yake. Hapo mwenye gari, aliyekuwa na hasara ya waya mmoja mwembamba, huwa sasa na hasara ya bati, ya rangi na ya rejeta, na komeo lenyewe bado limefunga. Wahenga walisema kweli kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kwanza yafaa tujue habari za magari yenyewe. Kwa matajiri wa miji mikubwa ya dunia, motokaa ya zamani ni pambo la kutolewa siku ya sikukuu. Kwa mtu wa shamba ni kama jembe lake: huitunza kwa sababu humlisha. Katika magari ya namna hii, lijulikanalo zaidi katika Afrika ya Mashariki ni Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu nyuma, na chuma kilikuwa adimu katika Uingereza. Kwa hiyo mabati mengi ya mwili wake yalifanywa kwa alumini, na boneti yake pia. Alumini ni nyepesi, wala haishiki kutu nyekundu kama chuma. Lakini ni laini. Ukiipiga ngumi au kuikalia, hubonyea.

Gari jingine la zamani ni Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe. Hiyo ilishinda katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Injini yake iko nyuma, na chini ya boneti ya mbele mna mizigo na tangi la petroli. Nanyi angalieni ajabu hii: katika zile zilizotengenezwa kabla ya mwezi wa Agosti 1967, mdomo wa kutilia petroli uko ndani ya boneti hiyo hiyo. Basi waya wa boneti ukikatika, gari laweza kuwa zima kabisa, injini yanguruma vizuri, lakini halipati kinywaji. Ni kama mtu mwenye afya ambaye kinywa chake kimefungwa kufuli.

Sasa tuangalie namna boneti ifungwavyo. Motokaa za kale kabisa zilikuwa na boneti yenye bawaba katikati, ikifunguliwa ubavu mmoja mmoja kama mbawa za kuku, na vishikizo vyake vilikuwa nje. Kila mtu aliweza kuifungua, na mwizi pia. Baadaye boneti ikawa bati moja kubwa, na katika magari mengi mkono wa kuifungua ukawekwa ndani, chini ya dashibodi. Land Rover za zamani hazikufuata mtindo huo. Komeo lao lipo mbele, na hufunguliwa kwa kijimkono kilichopo hapo hapo nje.

Katika magari yenye mkono wa ndani, kazi huenda hivi. Chini ya boneti, mbele, pana pini nene ya chuma yenye springi. Boneti ikishuka, pini huingia katika tundu, na ulimi wa komeo huishika shingo. Springi yataka kuirusha boneti juu, na ulimi waizuia. Kutoka kwenye ulimi huo huenda waya ndani ya ala yake, kama kisu kilivyo ndani ya ala, hadi kwenye mkono wa dereva. Dereva akivuta, ulimi huondoka shingoni mwa pini, na boneti huruka kidogo, kiasi cha vidole viwili. Hapo hubakia ndoano ya pili, ambayo hufunguliwa kwa vidole. Ndoano hii ya pili ni mlinzi wa usiku: wa kwanza akilala, huyu yu macho.

Katika mambo hayo matano, yaani mkono, waya, ala, ulimi na pini, moja likiharibika boneti haifunguki. Na katika nchi yetu ya mto na bahari, maadui wa mambo hayo ni watatu.

Adui wa kwanza ni chumvi. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na maji ya bahari huingia na kutoka humo kila siku mara mbili. Upepo wa huko una chumvi, na maji yadondokayo kutoka katika barafu ya samaki yana chumvi. Chumvi huharakisha kutu ya waya na ya springi. Tena, wanafunzi sikilizeni, mahali alumini inapogusana na chuma, pakilowa maji ya chumvi, metali mbili hizo huwa kama betri ndogo. Umeme mdogo hupita baina yao, na alumini ndiyo iliwayo, ikageuka unga mweupe. Ndiyo sababu mwenye Land Rover huona unga mweupe kandokando ya misumari ya chuma ya boneti yake. Unga huo si vumbi la barabara. Ni gari lenyewe linaliwa.

Adui wa pili ni matope na vumbi. Kiangazi vumbi laini huingia katika grisi ya komeo, likaifanya ngumu kama udongo wa chungu. Masika matope huruka mpaka mbele ya rejeta. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalifunika mashamba na njia katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Na gari lolote lililosimama katika maji ya namna hiyo hubaki na matope ndani ya ala za nyaya zake, hata kama nje limeoshwa likang'aa.

Adui wa tatu ni mtikisiko. Njia mbovu hulegeza skurubu ishikayo waya, na husogeza boneti ikakaa upande. Tena wengi huweka tairi la akiba juu ya boneti, jambo ambalo watengenezaji wa Land Rover wenyewe waliliruhusu. Lakini uzito ule ukitikiswa kila siku huikandamiza pini katika tundu lake, na pini iliyokaa upande huubana ulimi.

Basi twende kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kushika chombo chochote, yako masharti manne ambayo hayana budi kufuatwa.

La kwanza, zima injini, ngoja ipoe. Katika injini nyingi mbele kuna feni inayozunguka, na mkono uliopita katika matundu waweza kukatwa. Tena rejeta iliyochemka ina mvuke uliosongwa. Hata boneti ikifunguka, mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka joto litulie. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini iliyowaka moto, maana chuma huweza kupasuka.

La pili, vuta breki ya mkono, weka na mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

La tatu, usitumie petroli kulainisha kutu, wala asiwepo mtu mwenye sigara au kibatari karibu. Tumia tochi.

La nne, na hili ni kubwa: ukiona moshi mweusi au ndimi za moto kutoka chini ya boneti, usiifungue kabisa. Moto ulio chini ya boneti hula hewa kidogo. Ukiifungua wazi, waukaribisha hewa tele, nao hukurukia usoni. Watoe watu wote garini, waende mbali, kisha ita msaada. Gari hununuliwa, mtu hanunuliwi.

Masharti yakitimia, anza kwa kusikiliza. Vuta mkono polepole uusikie kwa vidole. Ukiwa mgumu kama uliofungwa kwenye mti, waya ni mzima, na ulimi ndio ulioshikwa na kutu au umebanwa na pini. Ukija mwepesi bila uzito, waya umekatika au umechomoka kwenye skurubu yake. Ukivutika kidogo kisha ukarudi, na kwa mbele hakuna sauti ya "ta!", huenda ala ndiyo iliyochomoka mahali pake: wavuta ala na waya pamoja, na ulimi haupati habari. Fundi ajuaye kutofautisha hali tatu hizi amekwisha fanya nusu ya kazi.

Mkono ukiwa mgumu, njia ya kwanza ni ya watu wawili. Mmoja aingie ndani avute mkono, aushikilie hivyo hivyo bila kuuachia. Mwingine asimame mbele, aweke viganja viwili bapa juu ya boneti, sawasawa na mahali palipo komeo, akandamize chini kwa uzito wa mwili, kisha aachie. Arudie mara kumi, hata ishirini. Watu wengi hushangaa: wataka kuipandisha boneti, kwa nini waisukume chini? Sababu yake ni hii. Springi huisukuma pini juu, na pini huukaba ulimi. Ukiikandamiza boneti, pini hushuka kidogo, ulimi hupata nafasi ya kupumua, na yule aliye ndani huuvuta wakati huo huo. Ni kama mlango uliobanwa na upepo: huwezi kuondoa komeo mpaka kwanza umeusukuma mlango mahali ulipokuwa. Lakini usipige ngumi, hasa juu ya alumini. Kiganja hukandamiza, ngumi hubonyeza.

Njia hii isipofaa, leta mafuta. Pitisha mdomo mrefu wa kopo la mafuta katika matundu ya mbele, yale ambayo mafundi wa leo huyaita shoo, au katika ufa ulio ukingoni mwa boneti, utie mafuta mepesi juu ya komeo. Mafuta maalumu ya kulainisha kutu ni bora. Yasipokuwapo, dizeli kidogo yafaa, madhali injini imekwisha poa. Ikiwa mdomo wa kopo ni mfupi, unganisha mrija mwembamba. Kisha ngoja. Neno hilo, ngoja, ni dawa ambayo haiuzwi dukani, nayo ndiyo wengi waikosayo. Mafuta hayakimbii, hupenya katika kutu kama maji yapenyavyo katika ardhi kavu. Nusu saa si nyingi. Baada ya hapo rudieni kazi ya watu wawili.

Gari likiwa Land Rover ya zamani, isiyo na waya wa ndani, kazi ni ile ile: tia mafuta kwenye komeo, mmoja akandamize boneti, mwingine akisukumasukuma kijimkono cha mbele huku na huku bila kukilazimisha. Ikiwa kuna tairi juu ya boneti, liondoe kwanza. Mara nyingi kuliondoa tairi hilo peke yake kwatosha.

Sasa tufikiri kwamba mkono umekuja mwepesi. Tazama kwanza mwisho wa waya ulio ndani, pale palipo mkono. Waya hukatika mahali pawili zaidi kuliko pengine: penye mkono na penye ulimi, kwa kuwa hapo ndipo upindapo kila siku. Ukiwa umekatika penye mkono, bahati yako ni njema. Ushike ule ncha uliobaki kwa koleo, lile lijifungalo lenyewe likiwapo, ambalo mafundi huliita vaisgripi. Kwa mkono mwingine ishike ala isitembee. Vuta kwa kunyooka, wala usiukunje. Mwenzako akandamize boneti kama tulivyosema.

Ukiwa umekatika mbele, penye ulimi, waya wote utatoka mkononi mwako, nawe huna la kuvuta. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuuita mtaimbo. Tusikilize mazungumzo haya, ambayo twayatunga ili yawe mfano, baina ya utingo kijana na fundi mzee aliyepitishwa njiani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekwama?"

"Ndiyo, mzee. Waya umekatika kulekule mbele. Twataka kuing'oa boneti kwa mtaimbo."

"Vuta subira kwanza. Nijibu: ulimi wa komeo ulikuwa ukivutwa upande gani?"

"Sijui, mzee. Sikuwahi kutazama."

"Basi tazama waya ulikotokea. Waya waja kutoka upande wa kuume, sivyo? Ulimi nao huvutwa kuume. Komeo halijui kama linavutwa na waya wa kiwandani au na ndoano ya kuokotea embe. Lajua upande tu. Nipe bisibisi ndefu, na kipande cha waya mnene wa uzio, na hicho kioo chako cha kunyolea ndevu."

Katika maneno ya mzee huyu mna elimu yote. Fungua skurubu za shoo, uitoe ikiwa yatoka. Mulika kwa tochi, weka kioo kidogo ili uone chini ya komeo. Pinda ncha ya waya mnene iwe ndoano, uipitishe mpaka kwenye ulimi, kisha uvute au usukume kuelekea upande ule ule ambao waya uliokatika ulikuwa ukivuta. Mwenzako akandamize na kuachia. Boneti ikiruka, ishike ndoano ya pili kwa vidole, uifungue.

Katika magari mengine komeo huonekana kutoka chini tu. Hapo twawaonya kwa nguvu: mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Mchanga wa Kibiti na udongo wa bonde la Rufiji haushiki jeki. Huimeza polepole, bila sauti, na gari hushuka. Tafuta mahali pagumu, weka magogo au mawe makubwa chini ya fremu, ndipo uingie. Pasipokuwa na mahali pagumu, afadhali gari livutwe hadi Kibiti kuliko mtu kuzikwa Nyamisati.

Na yule mama mjamzito tuliyemwacha garini? Mabibi na mabwana, asingoje boneti. Huu ni wajibu wa dereva wa kwanza kabisa: kabla hajagusa koleo, amsimamishie mama chombo kingine, gari au pikipiki ya magurudumu matatu, aende zake hospitali. Kisha kamba na samaki wahamishiwe gari jingine likipatikana. Subira tunayoihubiri ni subira juu ya chuma, si juu ya roho za watu.

Tuseme sasa boneti imefunguka. Watu hupiga makofi, na mara mmoja huifunga tena kwa kishindo, apate kuona kama imepona. Inafunga! Na yote yaanza upya. Basi shikeni kanuni hii: boneti iliyogoma haifungwi mpaka komeo limejaribiwa likiwa wazi. Boneti ikiwa juu, chukua bisibisi, usukume ulimi mpaka ushike, kana kwamba pini imeingia. Kisha mtu avute mkono wa ndani. Ulimi ukiachia mara tano mfululizo, funga boneti. Usipoachia, umejua ubaya wake nawe bado uko mlangoni.

Kulisafisha komeo ni kazi ya brashi na mafuta ya taa. Sugua grisi ya zamani yote itoke, kausha kwa kitambaa, kisha paka grisi mpya kidogo. Usipake nyingi, maana grisi nyingi ni mtego wa vumbi. Waya ukiwa umekatika na duka la vipuri liko mbali, waya wa breki ya baiskeli hufaa sana: ni imara, ni mwembamba, na wapatikana karibu kila soko. Upake mafuta kabla ya kuuingiza katika ala.

Tena fanya jambo moja zaidi, ambalo wenye magari ya zamani waliokwisha kuumwa hulifanya. Funga waya wa pili kwenye ulimi wa komeo, uupitishe mahali pa siri, ambapo mkono wako waweza kufika kutoka nje boneti ikiwa imefungwa, lakini jicho la mwizi halifiki. Waya huo utakaa miaka bila kazi. Siku wa kwanza ukikatika, utakushukuru mwenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno la kufunga boneti nalo lina maana kubwa kama neno la kuifungua. Ishushe taratibu, kisha ikandamize kwa viganja mpaka usikie sauti ya komeo. Baada ya hapo jaribu kuiinua kwa vidole, isiinuke. Boneti iliyofungwa nusu, gari likishika mwendo katika lami, upepo huingia chini yake ukaitupa juu, ikafunika kioo chote cha mbele, na dereva akawa kipofu katikati ya barabara. Likikupata jambo hilo, usikanyage breki kwa hofu. Punguza mwendo kwa upole, chungulia katika ufa ulio chini ya boneti au dirishani, ushike ukingo wa njia, usimame.

Kabla ya kuagana, twapenda kuwakumbusha habari moja ya delta hii yenyewe. Mwaka 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha katika mikono ya Rufiji ikiwa na mitambo mibovu. Sehemu zilizoharibika zilifunguliwa, zikaburutwa na watu kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa melini. Meli yenyewe haikutoka tena. Iliangamia humo mtoni tarehe 11 Julai 1915. Lakini tufikiri kazi ya wale watu, ambao wengi wao hawakuandikwa majina yao: chuma kizito kilipita katika mikoko na matope, kikaenda na kurudi, kikaingia tena mahali pake. Kingetolewa kwa kuvunjwa, kisingerudi kufaa kitu. Kilichofunguliwa hurudi, kilichovunjwa hakirudi.

Nanyi vijana mnaotaka ufundi, msidhani kwamba fundi ni mwenye nguvu nyingi. Fundi ni mtu aulizaye chombo maswali kabla ya kukipiga: Wavutwa upande gani? Umeshikwa na nini? Nani alikugusa mwisho? Chombo hujibu, kwa uzito wake na kwa sauti yake. Kesho mkipita gereji ya Kibiti au Ikwiriri, mwombeni fundi kwa adabu awaonyeshe komeo la boneti likiwa wazi, mlisukume kwa kidole, muone ulimi unavyoshika na unavyoachia. Dakika tano hizo, siku moja njiani, zitakuwa na thamani kuliko mtaimbo wa mtu kumi.

Twawatakia safari njema na boneti zenye utii. Kwa herini.